Usiondoke Kimya: Kanuni za Chuo Kikuu Tunazofaa Kuzijua Tungali Shuleni

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mwaka huu mimi nimeuliza sana, hata wenzangu wa kidato cha tatu wakanibandika jina la "Msajili". Sikukasirika. Niliyokuwa nikiuliza ni haya: mtu akishaingia chuo kikuu, akapewa alama ambayo anaamini si yake, afanye nini? Akianguka somo moja, anafukuzwa au anapewa nafasi nyingine? Na akikosa karo, akiugua au akifiwa, anaweza kutoka kisha akarudi?

Najua kuna atakayesema, "Wewe hata KCSE hujafanya, mambo ya chuo kikuu yanakuhusu nini?" Swali zuri. Hapa Sori mtu akipata C+ tunashangilia mpaka ufuoni, kwa sababu hiyo ndiyo alama ya chini kabisa ya kuingilia shahada. Tunafanya harambee. Tunamnunulia sanduku na godoro. Tunamsindikiza hadi steji ya matatu, akina mama wanapiga vigelegele. Baada ya hapo tunanyamaza. Hakuna anayemwambia kwamba huko aendako atapewa kijitabu cha kanuni, na kwamba kijitabu hicho kina uzito kuliko sanduku na godoro. Miaka miwili ikipita tunamwona amerudi, hana cheti, na watu wananong'ona, "Masomo yalimshinda." Mimi baada ya kuuliza uliza nimegundua kwamba kuna walioshindwa na masomo, sikatai, lakini kuna wengine ambao alama zao zilikuwa safi. Kilichowaangusha ni barua ambayo hawakuiandika.

Basi kaa kitako, nikueleze nilivyoelewa.

Kanuni hizi hutoka wapi?

Vyuo vikuu vya Kenya vinaongozwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Kila chuo kikuu kamili kina hati yake, na chini ya hati hiyo kinatunga kanuni zake cha masomo na mitihani. Kwa mfano, jirani yetu Chuo Kikuu cha Rongo, ambacho kiko katika kaunti yetu ya Migori, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi tangu 2011, kikapata hati yake mwaka 2016. Kule Homa Bay kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya, ambacho nacho kilianza kama chuo kishiriki cha Maseno. Chuo kikishapata hati, kinakuwa na seneti yake. Usidhani ni ile Seneti ya maseneta inayotajwa redioni. Seneti ya chuo ni baraza la wasomi, maprofesa na wakuu wa vitivo, ambalo ndilo lenye neno la mwisho kuhusu masomo na mitihani. Matokeo yako hayawi matokeo kamili mpaka seneti iyapitishe.

Mtu mwingine wa kumjua ni msajili wa masomo. Yeye ndiye mwenye daftari kubwa. Jina lako likiwa katika daftari lake wewe ni mwanafunzi, likitoka wewe ni mgeni kama wageni wengine, hata kama una kitambulisho mfukoni na kitanda bwenini.

Kwa kuwa kila chuo kina seneti yake, kanuni hazifanani kila mahali. Zamani Nairobi, Makerere na Dar es Salaam zilikuwa nyumba moja. Kuanzia 1963 hadi 1970 vyote vitatu vilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kisha wakagawana, kila ndugu akajenga boma lake. Leo chukua mwanafunzi aliyepata alama 45 kwa mia katika somo la shahada ya kwanza. Nairobi amepata D na amepita, kwa sababu pasi huanzia 40. Dar es Salaam alama hiyo hiyo ni C, na amepita pia. Makerere amepata E na ameanguka, kwani kule pasi huanzia 50. Karatasi ni moja, wino ni mmoja, lakini mmoja anaenda nyumbani akiimba na mwingine anarudia somo. Kwa hivyo usimuulize ndugu wa rafiki yako aliyesoma chuo kingine. Soma kijitabu cha chuo chako.

Hali ya mwanafunzi: kupita, sapu, kurudia, kuachishwa

Kila mwaka wa masomo ukiisha, chuo huwapanga wanafunzi kwa makundi. Kuna aliyepita masomo yote, huyo anaendelea. Kuna aliyeanguka machache, huyo hufanya mtihani wa nyongeza ambao wanafunzi wenyewe huuita sapu. Kuna aliyeanguka mengi mno, huyo huambiwa arudie masomo hayo au arudie mwaka mzima. Na kuna wa mwisho ambaye ameanguka tena na tena, au amepita kiwango kilichoandikwa, huyo huachishwa masomo. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno lao kwa jambo hili: wanasema fulani "amedisko". Ukisikia mtu wa Dar es Salaam akisema rafiki yake amedisko, usifikiri alikuwa akicheza dansi.

Makerere wao hutumia wastani wa alama unaojumlishwa muhula hadi muhula. Wastani huo ukishuka chini ya 2.0, au ukianguka somo la lazima, unawekwa katika hali ya kuangaliwa. Hiyo si adhabu, ni kengele. Unaendelea na masomo huku ukijua unachungwa. Lakini kengele hiyo ikikulilia mara tatu mfululizo, unaachishwa.

Sasa hapa kuna jambo ambalo kila mmoja wetu anafaa kulishika. Katika vyuo vingi vya Kenya, ukifanya sapu ukapita, unaandikiwa 40 tu. Hata ukipata 78, inaandikwa 40. Ni kama kuambiwa, "Umevuka mto, lakini umevuka kwa kusukumwa." Tofauti na sapu kuna mtihani maalumu. Mtihani maalumu hupewa mwanafunzi ambaye hakukalia mtihani wa kwanza kwa sababu inayokubalika, kama vile ugonjwa au kufiwa, na akawa ametoa habari mapema na kuleta ushahidi. Huyu akipata 78, anaandikiwa 78 yake yote.

Hebu fikiria wanafunzi wawili waliolazwa kwa malaria siku moja, hospitali moja, vitanda vikitazamana. Wa kwanza alimtuma mwenzake apeleke barua ya daktari kwa mwenyekiti wa idara. Wa pili alisema atajieleza akipona. Wa kwanza alipewa mtihani maalumu. Wa pili aliandikwa kwamba hakufika, na kutofika bila ruhusa huhesabiwa kama kuanguka. Mbu ni mmoja na dawa ni moja. Kilichowatenganisha ni ukurasa mmoja wa karatasi.

Ukiona alama si yako

Sisi watu wa ufuoni tunaijua mizani. Mvuvi akileta mbuta, mnunuzi anapima. Mvuvi akiona kilo zimepungua, anasema hapo hapo, "Pima tena." Samaki wakishatiwa kwenye barafu na gari likishaondoka kwenda Kisumu, hata ukilia machozi ya damu hakuna wa kukupimia. Mzozo wa alama chuoni uko vivyo hivyo. Kuna muda wa kusema "pima tena", na muda huo umeandikwa. Mara nyingi ni siku au wiki chache tangu matokeo yatangazwe. Ukipita, gari limeondoka.

Njia yenyewe ina ngazi. Ngazi ya kwanza ni mhadhiri mwenyewe, unamwendea kwa adabu na kumuuliza alama zimepatikanaje. Mara nyingi mambo huishia hapo, kwa sababu kosa huwa ni la kujumlisha au ni ukurasa ambao haukufunuliwa. Ngazi ya pili ni mwenyekiti wa idara. Ya tatu ni mkuu wa kitivo. Ya nne ni msajili na kamati ya seneti ya rufaa. Usiruke ngazi. Ukienda kwa makamu wa chansela moja kwa moja kabla ya kumwona mhadhiri, utarudishwa chini kama mtu aliyepanda paa kabla ya kuweka ngazi, na siku zako zinakwenda.

Jambo la pili ni sababu. Kusema "nilitarajia zaidi" si sababu. Kusema "mwalimu hanipendi" bila ushahidi si sababu. Sababu ni kama hizi: alama zilijumlishwa vibaya, swali fulani halikusahihishwa, kazi ya muhula niliyoitoa haikuingizwa, au kanuni ya kusahihisha haikufuatwa. Vyuo vingine hutoza ada mtu akiomba karatasi isahihishwe upya. Na ujue kwamba karatasi ikisahihishwa upya, alama inaweza kupanda, kubaki au kushuka. Kwa hivyo usiombe kwa hasira. Hesabu kwanza.

Ipo pia kinga nyingine ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Ni mtahini wa nje. Huyu ni msomi kutoka chuo kingine anayeletwa kukagua maswali na karatasi zilizosahihishwa, ili mhadhiri asiwe mchezaji na refa kwa wakati mmoja. Desturi hii tuliirithi tangu wakati vyuo vyetu vya kwanza vilipokuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, na haijaachwa.

Ugonjwa mkubwa zaidi wa vyuo vyetu hapa Kenya, hata hivyo, si alama mbaya. Ni alama iliyopotea. Mwanafunzi anafanya mtihani, anatoka anacheka, matokeo yakitoka mahali pa alama pako wazi. Bila alama hiyo hawezi kuhitimu. Sababu ni nyingi: hakujisajili kwa somo hilo, hakutia sahihi orodha ya waliofanya mtihani, au mhadhiri hakuleta alama zote. Dawa yake ni makaratasi. Weka fomu ya usajili wa masomo. Weka kadi ya mtihani. Tia sahihi orodha kabla hujatoka chumbani. Kazi ya muhula ikirudishwa, usiifungie mandazi. Siku ya kutafuta alama iliyopotea, mwenye karatasi anasikilizwa, asiye nayo anaambiwa arudi wiki ijayo.

Hata sisi wa sekondari tuna ngazi zetu. Mtu akiona matokeo yake ya KCSE yana shida, malalamiko hupitia kwa mwalimu mkuu kwenda kwa Baraza la Mitihani, na sheria ya baraza hilo ya mwaka 2012 imeweka hata jopo la kusikiliza rufaa za mitihani. Huko nako muda huhesabiwa.

Likizo ya masomo: kutoka kwa mlango

Sasa nafika penye uchungu. Likizo ninayosema hapa si ile ya Aprili, Agosti na Desemba. Ni ruhusa ya kusimamisha masomo kwa muhula au mwaka, huku nafasi yako ikihifadhiwa. Wanafunzi husema "kudifa". Sababu zinazokubalika kwa kawaida ni ugonjwa, uzazi, msiba na ukosefu wa karo. Ndiyo, ukosefu wa karo. Wengi hudhani umaskini si sababu ya kuandika katika barua, ni jambo la kuficha. Hapana. Liandike waziwazi.

Hata kabla hujaripoti mwaka wa kwanza unaweza kuahirisha. Umeitwa, barua unayo mkononi, lakini nyumbani hakuna kitu: unamwandikia msajili kabla ya tarehe ya kuripoti kuomba uje mwaka unaofuata. Usipoandika na usipofika, nafasi inapotea.

Nina ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye sitamtaja jina, wala chuo chake sitakitaja. Alikuwa mwaka wa pili, na alama zake zilikuwa nzuri tu, B na C. Nyumbani kwao wanategemea omena. Ikafika ile miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, pesa zikakatika. Karo haikulipwa. Siku ya mtihani alikosa kadi kwa sababu ya deni. Akaona aibu. Akafunga sanduku usiku, akapanda gari asubuhi, akaja hadi Macalder kwenye mashimo ya dhahabu kutafuta kibarua. Hakumwambia mhadhiri, hakumwambia mwenyekiti, hakuandika hata mstari mmoja. Alijiambia, "Nikipata pesa nitarudi."

Alichimba na kusaga mawe mwaka mzima. Pesa akazipata kidogo kidogo, tukachanga na nyingine. Aliporudi chuoni na karo mkononi, karani alitafuta jina lake hakuliona. Aliandikwa kwamba ameacha masomo mwenyewe. Masomo yote ya muhula ule yalisomeka kuwa hakufika. Karani akamwambia, "Kijana, ungeleta barua moja tu, nafasi yako ingekuwa hapa inakungoja." Aliandika rufaa akaomba arudishwe. Ilichukua miezi. Alikubaliwa, lakini akaambiwa arudie mwaka wa pili wote na kulipa karo yake upya. Wenzake aliosoma nao wameshavaa joho. Yeye bado anahesabu. Baba mdogo aliposikia alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Barua hiyo ingegharimu pesa ngapi?" Hakuna aliyemjibu.

Na kuna dada mmoja wa mtaa wetu huu huu ambaye alipata mimba akiwa mwaka wa kwanza. Majirani walisema mengi. Yeye alikwenda kwa mwenyekiti wa idara, akaandika barua, akaambatisha karatasi ya kliniki, akapewa ruhusa ya mwaka mmoja kwa maandishi. Mtoto alipoanza kutembea, mamake akabaki naye, dada akarudi na ile barua ya ruhusa. Aliendelea pale pale alipoachia. Hakulipa mara mbili.

Kwa hivyo msomaji mwenzangu, kutoka si dhambi. Maisha ya hapa ziwani yana mawimbi na kila mtu anaweza kupigwa. Lakini mvuvi anayetaka kurudi kwa mashua yake huifunga kwanza. Ukipewa ruhusa, soma tarehe ya kurudi, na kabla haijafika andika tena kusema unarudi. Kama unapata mkopo wa HELB, wajulishe nao. Na usitoke ofisini bila nakala ya barua yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo shahidi wako.

Je, chuo chenyewe kikikukosea?

Mtu atauliza, "Na kama nimefuata ngazi zote na bado nimeonewa?" Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi kwa njia ya haraka, ya kisheria na ya haki. Kama uamuzi unakuumiza, una haki ya kupewa sababu zake kwa maandishi. Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria ya kutekeleza kifungu hicho. Kwa hivyo ukiachishwa masomo, si vibaya wala si utovu wa adabu kuandika, "Naomba kupewa sababu kwa maandishi." Ni haki yako.

Ofisi ya umma ikikuzungusha bila jibu, iko Tume ya Haki ya Utawala ambayo hupokea malalamiko bila malipo. Na mwisho kabisa kuna mahakama. Lakini hapa tusidanganyane. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya wanafunzi watano dhidi ya Egerton, ilieleza kwamba majaji hawana hamu ya kuendesha vyuo vikuu. Hawatasahihisha karatasi yako upya. Watakachoangalia ni kama ulisikilizwa kwa haki kabla ya kuhukumiwa. Ile sheria ya 2015 nayo inataka kwanza umalize njia za rufaa zilizoko ndani ya chuo. Ukienda mahakamani bila kuandika barua ya rufaa kwa seneti, unaweza kurudishwa ukaiandike. Unaona? Hata kwa jaji tunarudi pale pale kwa barua.

Barua yenyewe

Hapa ndipo wanachama wa Kiswahili tunapoingia. Darasani tukifundishwa barua rasmi, wengine husinzia, ati hayo ni ya kupata alama 20 tu za insha. Kumbe anwani mbili, tarehe, kichwa cha barua na mwili wake, ndizo zilizomwokoa yule dada. Vyuoni barua nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lakini umbo ni lile lile, na tukumbuke Katiba katika kifungu cha 7 inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Nimejaribu kuandika mfano. Nafasi zilizo wazi jaza mwenyewe siku ikifika, ingawa nakuombea isifike.

Jina na nambari ya usajili ...
S.L.P. ...
Tarehe ...

Kwa Msajili wa Masomo,
Chuo Kikuu cha ...
S.L.P. ...

Kupitia kwa:
Mwenyekiti wa Idara ya ...

Bwana/Bibi,

MINT: KUOMBA RUHUSA YA KUSIMAMISHA MASOMO KWA MWAKA MMOJA

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika idara iliyotajwa hapo juu. Naomba ruhusa ya kusimamisha masomo kuanzia tarehe ... hadi tarehe ... Sababu yangu ni kwamba mzazi wangu amepoteza njia ya mapato na sina karo ya muhula huu. Nimeambatisha barua ya chifu. Ninanuia kurejea tarehe iliyotajwa na kuendelea kutoka nilipofikia. Naomba nijibiwe kwa maandishi.

Wako mwaminifu,
(sahihi)

Haizidi ukurasa mmoja. Haina maneno makubwa. Haiombi huruma kwa machozi, inataja jambo, sababu, ushahidi na tarehe ya kurudi. Ukitaka kuigeuza iwe ya mzozo wa alama, badilisha kichwa, taja somo, taja kosa unaloliona, ambatisha kazi zako, omba isahihishwe upya.

Msamiati mdogo wa kwenda nao

Sapu: mtihani wa nyongeza kwa aliyeanguka.
Mtihani maalumu: mtihani wa aliyekosa kwa ruhusa, na alama yake hubaki nzima.
Kudifa: kuahirisha au kusimamisha masomo kwa ruhusa ya maandishi.
Kudisko: kuachishwa masomo, msemo wa Tanzania.
Alama iliyopotea: alama ya mtihani uliofanywa lakini haionekani katika matokeo.
Mtahini wa nje: msomi wa chuo kingine anayekagua mitihani.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina ombi kwa walimu wetu wapendwa. Siku ya kuwaaga kidato cha nne, pamoja na zile hotuba na keki, mtutafutie nusu saa mtu aliyepitia chuo kikuu aje atueleze habari ya msajili, seneti na barua. Nanyi ndugu zangu wa kidato cha nne, mkiitwa vyuoni, siku ya kwanza mkipewa kijitabu cha kanuni msikitumie kuegemeza dirisha. Someni sehemu tatu: mitihani, rufaa na likizo. Andikeni tarehe za mwisho kwenye jalada la daftari. Na yeyote mwenye ndugu aliyerudi nyumbani kutoka chuoni bila kuaga, amwambie leo aandike barua ya kuuliza kama nafasi yake bado ipo. Huenda jibu likawa hapana. Lakini kuna waliokubaliwa, hata baada ya mwaka mzima, na mmoja wao nimewasimulia hapa.

Kwaherini, hadi toleo lijalo.